Ukimya Usiwe Ridhaa: Wanasayansi Chipukizi wa Bahari, Sera na Fedha za Utafiti katika Visiwa vya Bajuni na Mwambao wa Kismayu

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna wanasayansi chipukizi wa visiwa vya Bajuni na mwambao wa Kismayu wanavyoweza kushiriki katika uundaji wa sera, ubunifu na upatikanaji wa fedha za utafiti wa bahari. Maelezo yametokana na uchambuzi wa nyaraka za wazi: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 2021, na taarifa za taasisi za kanda. Hoja kuu ni kwamba sheria ya bahari imekwisha kuwapa watafiti wa nchi ya pwani nafasi ndani ya utafiti unaofanywa katika maji yao, lakini nafasi hiyo hupotea pasipo mtu wa kuidai kwa wakati. Makala inapendekeza hatua nne zinazoweza kuchukuliwa kwa gharama ndogo, na inabainisha dhima ya Kiswahili katika kuzitekeleza.

1.0 Utangulizi

Kati ya mji wa Kismayu na Ras Kiamboni vimejipanga visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo, sambamba na pwani ya kusini mwa Somalia. Wenyeji wake ni Wabajuni, ambao lugha yao, Kibajuni, ni lahaja ya Kiswahili na ambao maisha yao yamefungamana na uvuvi na ubaharia. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya wengi wao hadi Lamu, Mombasa na ng'ambo. Mji wa Kismayu ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab tangu mwaka 2008 hadi 2012. Kijana aliyezaliwa visiwani katika miaka hiyo na ambaye leo anataka kuwa mtaalamu wa bahari ameikuta bahari ile ile ya babu zake, lakini hakukuta maabara, kumbukumbu za vipimo wala meli ya utafiti.

Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, ilitoa hukumu katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, mpaka unaoanzia nchi kavu karibu na Ras Kiamboni. Miongoni mwa hoja za Kenya ni kwamba Somalia, kwa kutolipinga kwa miaka mingi dai la mpaka unaofuata mstari wa latitudo, dai lililotangazwa rasmi mwaka 1979, ilikuwa imelikubali kwa kunyamaza. Mahakama iliikataa hoja hiyo, kisha ikachora mstari wake yenyewe.

Makala hii haikusudii kuurejea mgogoro huo kati ya ndugu wawili wa Jumuiya moja. Inachukua kutoka humo swali moja tu: ukimya wa nchi kuhusu bahari yake una gharama gani, na ni nani anayepaswa kuuvunja? Jibu linalotolewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inawangoja wanasayansi chipukizi. Programu ya Wataalamu Chipukizi wa Bahari, iliyo chini ya Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Sayansi ya Bahari (2021–2030), inawatambua hao kuwa ni wenye uzoefu wa kazi usiozidi miaka kumi.

2.0 Bahari Yenye Maswali Mengi

Maji ya visiwa vya Bajuni ni mahali ambapo mifumo miwili mikubwa ya bahari hukutana. Wakati wa kusi, Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini na kuungana na Mkondo wa Somalia. Ifikapo kaskazi, Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na mwenzake mbele ya pwani ya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya, kisha maji yote yakaelekea mashariki. Mahali pa makutano hayo husogea. Kusogea huko huathiri kupanda kwa maji baridi yenye virutubisho, na kwa hiyo huathiri upatikanaji wa samaki. Kadiri joto la bahari linavyoongezeka, swali la wapi na lini mikondo hiyo itakutana ni swali la sayansi na vilevile ni swali la chakula.

Wavuvi wana maarifa yao juu ya mabadiliko hayo. Mwaka wa Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, pamoja na ujuzi wa bamvua na maji mafu, ni kalenda iliyojengwa juu ya uchunguzi wa vizazi. Mtaalamu wa Italia Vinigi Grottanelli aliyachunguza maisha ya wavuvi wa Kibajuni na kuchapisha kitabu chake mwaka 1955, kikiwamo maelezo ya uvuvi wa kasa kwa kutumia samaki agandaye mwilini mwa kasa. Kitabu hicho ni hazina, lakini kimeandikwa kwa Kiitaliano. Miaka sitini baadaye, mwaka 2015, mradi wa Secure Fisheries wa Marekani ulitoa taarifa iliyokadiria kuwa meli za kigeni zilivua katika maji ya Somalia kiasi kinachokaribia mara tatu ya kile walichovua Wasomali wenyewe. Kazi zote mbili zina thamani, na zote mbili ziliandaliwa na kuchapishwa nje. Anayetaka kushauri juu ya leseni za uvuvi au kufungwa kwa maeneo ya kamba koche kwa muda analazimika kuanzia hapo.

3.0 Mlango wa Sera: Kibali cha Utafiti

Wanasayansi chipukizi mara nyingi huambiwa wajihusishe na sera, bila kuelezwa sera hiyo inaingilika wapi. Kwa mwambao huu, mlango ulio wazi zaidi umo katika Sehemu ya XIII ya Mkataba wa Sheria ya Bahari, ambao Somalia iliuridhia mwaka 1989.

Ibara ya 246 inaipa nchi ya pwani mamlaka ya kuruhusu na kusimamia utafiti wa kisayansi katika ukanda wake wa kiuchumi. Ibara ya 248 inamtaka mtafiti wa kigeni kutoa maelezo kamili ya mradi wake angalau miezi sita kabla ya kuanza. Ibara ya 249 inaipa nchi ya pwani haki ya kushiriki, hasa kwa kuwapandisha wanasayansi wake melini, bila ya nchi hiyo kulazimika kuchangia gharama za mradi. Ibara hiyo pia inaipa haki ya kupata taarifa za awali na za mwisho, kuzifikia data na sampuli, na kusaidiwa kuzitafsiri.

Hata hivyo, Ibara ya 252 ina sharti ambalo halina budi kusomwa kwa makini. Endapo nchi ya pwani haikujibu ndani ya miezi minne tangu kupokea maelezo ya mradi, mtafiti anaweza kuendelea miezi sita itakapotimia. Hapa ukimya ni ridhaa kwa mujibu wa maandishi ya sheria. Ombi likikaa mezani bila msomaji, nafasi ya kijana wa Kismayu ya kupanda meli, kujifunza kutumia vifaa vya kupimia na kubaki na nakala ya data huondoka pamoja na meli hiyo.

Kwa hiyo, njia ya kwanza ya mwanasayansi chipukizi kuingia katika sera ni kuwa msomaji wa maombi hayo. Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji mtu anayeelewa sayansi ya mradi, anayejua ibara nne zilizotajwa, na anayeweza kuandika ushauri wa kurasa mbili kwa wizara ndani ya muda. Kwa kuwa Katiba ya Muda ya mwaka 2012 inataka ugawaji wa rasilimali uafikiwe kwa majadiliano kati ya Serikali ya Shirikisho na majimbo, nakala ya ushauri huo inapaswa kufika Mogadishu na Kismayu kwa pamoja.

Haja ya wasomaji wa namna hiyo imekwisha kuonekana. Mwaka 2009 Somalia iliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa maelezo ya awali kuhusu sakafu ya bahari iliyo mwendelezo wa nchi kavu nje ya maili 200, kwa msaada wa Norwei. Msaada huo ulifaa wakati taasisi za nchi zilikuwa zimedhoofika. Uwasilishaji kamili ulifuata mwaka 2014. Kazi ya kutetea mipaka hiyo ya nje hutegemea vipimo vya kina cha maji na unene wa mashapo, na itaendelea kudai wataalamu kwa miaka mingi.

4.0 Mlango wa Fedha

Ufadhili wa sayansi ya bahari ni mdogo duniani kote. Taarifa ya mwaka 2020 ya Tume ya Kiserikali ya Bahari ya UNESCO ilionyesha kuwa nchi zilizotoa takwimu hutenga kwa wastani asilimia 1.7 tu ya bajeti zao za utafiti kwa sayansi ya bahari. Si busara kwa kijana wa Kismayu kuanza kwa kutafuta fungu kubwa. Fungu dogo linalozaa data iliyo safi humjengea sifa ya kuaminiwa fungu kubwa zaidi.

Katika kanda yetu, Chama cha Sayansi ya Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi (WIOMSA), kilichoanzishwa mwaka 1993 na chenye makao yake Zanzibar, hutoa ruzuku ndogo za utafiti kupitia mpango wake wa MARG, na kina mtandao wa watafiti chipukizi. Somalia pia ni mwanachama wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 kuhusu mazingira ya bahari, na imekuwa mwanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi tangu mwaka 2014. Vyombo hivi vina vikao vya kisayansi ambamo ujumbe wa nchi unaweza kumjumuisha mtafiti kijana.

Vikwazo havipaswi kufichwa. Wafadhili wengi hudai barua ya taasisi mwenyeji, akaunti ya benki ya taasisi na ukaguzi wa hesabu. Mtafiti wa visiwani asiye na taasisi hukwama hapo hata kama andiko lake ni zuri. Aidha, mfumo wa kugawana nafasi za kisiasa wa 4.5, unaozipa jamii ndogo kwa pamoja nusu ya fungu la ukoo mkuu mmoja, huwaacha Wabajuni na sauti finyu pale orodha za wajumbe na wanufaika zinapoandaliwa. Suluhisho la vitendo ni uwenyeji wa pamoja: taasisi yenye uwezo wa kuhesabu fedha, kama vile Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) iliyoko Mombasa, ipokee ruzuku kwa makubaliano na chuo cha Kismayu, huku mtafiti mkuu akiwa ni yule kijana mwenyewe.

5.0 Ubunifu Unaoanzia Ufukweni

Mfano wa karibu wa utafiti uliogeuka kuwa sera na kipato ni Mikoko Pamoja, huko Gazi, Kaunti ya Kwale. Wanakijiji, wakishirikiana na watafiti wa KMFRI na wenzao wa nje, waliweka chini ya hifadhi takriban hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yamegharimia maji na elimu kijijini. Msingi wa mradi huo ulikuwa vipimo vya miti na udongo vilivyokusanywa kwa miaka mingi kabla ya mnunuzi wa kwanza kupatikana.

Mikoko ya mwambao wa Bajuni, ikiwamo ya Bur Gavo, inastahili vipimo vya aina hiyo. Lakini si lazima ubunifu uanze na soko la hewa ya ukaa. Daftari la mavuno katika bandari moja, lenye aina ya samaki, uzito, chombo, aina ya mtego na mwongo wa Nairuzi, likijazwa kila siku kwa mwaka mzima na kuhamishiwa katika simu, ni data ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuitoa. Sharti moja ni muhimu: wavuvi wakubaliane mapema nani atayaona maelezo ya sehemu zao za kuvulia. Siri ya mwamba wenye samaki ni mali, na mtafiti anayeitangaza ovyo hatapewa nyingine.

6.0 Lugha kama Nyenzo ya Sayansi

Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024. Kwa mwambao wa Bajuni, tukio hilo lina maana ya pekee, kwa kuwa wakazi wake wanasema lahaja ya lugha inayotumika kuanzia Lamu hadi Zanzibar. Kijana wa Chula anaweza kumhoji mzee wa Chula kwa Kibajuni, kuandika matokeo kwa Kiswahili sanifu yakasomwa Mombasa na Unguja, na kuwasilisha muhtasari wake kwa Kisomali wizarani. Watafiti wanaoweza kuvuka ngazi hizo zote ni wachache sana, na uwezo huo unastahili kuhesabiwa kuwa sifa ya kitaaluma katika tathmini ya maombi ya ruzuku.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu. Majina ya Kibajuni ya samaki, pepo, mikondo na miamba hayajakusanywa kwa ukamilifu na kulinganishwa na majina ya kisayansi. Bila ulinganisho huo, madaftari ya bandari mbili hayawezi kujumlishwa. Hiyo ni kazi ya isimu na ya baiolojia kwa wakati mmoja.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, hatua nne zinapendekezwa. Kwanza, wizara inayohusika iunde jopo dogo la wasomaji wa maombi ya utafiti, lenye wanasayansi chipukizi wawili au watatu wa pwani, na kila ombi lisajiliwe pamoja na tarehe yake ya mwisho ya kujibiwa. Pili, kila kibali kitaje jina la mwanasayansi wa Somalia atakayepanda melini na mahali nakala ya data itakapohifadhiwa. Tatu, taasisi za Zanzibar na Mombasa ziingie makubaliano ya uwenyeji wa pamoja na vyuo vya Kismayu. Nne, vyama vya Kiswahili vishirikiane na watafiti wa bahari kuandaa faharasa ya majina ya Kibajuni ya viumbe na mazingira ya bahari.

Hakuna hatua kati ya hizi inayongoja meli ya utafiti au jengo jipya. Ya kwanza inahitaji rejista, kalenda na vijana wanaojua kusoma andiko la kisayansi. Mwaka 2021 mahakama ilikataa kuuchukulia ukimya wa Somalia kuwa ridhaa. Ibara ya 252 haitafanya hivyo: kila ombi lina miezi yake minne, na hesabu huanza siku linapopokelewa.