Je, Wajua? Saa ya kompyuta ina mwisho wake

Kijana mtengeneza programu wa Ngamiani, Tanga, huishi na saa mbili: mama humwita kula saa mbili usiku, kompyuta yake inaonyesha 20:00. Kumbe ndani, kompyuta nyingi huhesabu sekunde tu, tangu Januari 1, 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Tanga ilikuwa saa tisa usiku.

Mifumo ya zamani ya biti 32 hufikia kikomo kwenye sekunde ya 2,147,483,647. Hiyo itakuwa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, jua likikaribia kuchomoza Tanga. Mifumo hiyo isiporekebishwa, itarudi Desemba 1901, huku Waswahili wakianza kuhesabu saa za mchana.