Mezani Bunia, mwizi hana kabila

Mchezo wa kuigiza mezani unataka watu wanne ao watano, dadu, na saa nyingi. Msimulizi anatayarisha nchi na shida yake. Wengine wanaingia mu ile nchi kama wahusika, wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wanafaulu. Wa kwanza kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Ulileta pia orki, taifa zima la viumbe wabaya tangu tumbo la mama. Unamuona, unamupiga, hakuna kuuliza.

Sisi wa Bunia ndipo tulikwama. Hadithi yetu ya kwanza ilikuwa ya vita. Siku ya kwanza tu, kijiji kilipoanza kuungua, mmoja wetu aliweka dadu chini. « Yaya, hii tuliisha kuiona. » Akatoka kupika chai. Hatukuendelea.

Tukageuza: hadithi ya uchunguzi. Na mu Ituri, uchunguzi ni dhahabu, ile ya Kilo yenye wazungu waliijua tangu 1903. Kifurushi kinatoka Mongbwalu na pikipiki, kilomita 80 hivi. Kikifika Bunia, ndani ni unga wa shaba. Nani alibadilisha?

Hadithi ya namna hii inakula alama nyingi. Kwa kila siri tunaweka njia tatu za kuigundua, juu wachezaji watapita mbili bila kuona. Mwisho hatuuandiki. Tunaandika tu mwizi atafanya nini kama hakuna mtu anamuzuia: leo anauza, kesho anavuka Ziwa Albert kupitia Kasenyi.

Kazi ngumu ilikuwa majina. Hapa kwetu jina peke yake linatosha mtu ajue unatoka Djugu ao Irumu, mlimani ao ziwani. Ukimupa mwizi jina la upande mmoja, meza imekufa. Kwa hiyo kila mtu alipewa jina la kazi: Motari, Mzee Mizani, Mama Chumvi, Karani. Kisha kila mmoja tulimupa sababu. Motari ana mtoto hospitali. Mzee Mizani ana deni. Sababu tunazibishana kuliko kitu kingine, na ni vizuri, juu mtu mwenye sababu hauwezi kumuchukia haraka.

Wenye mchezo wenyewe walifika pale pale: mwaka 2020 walisema orki hatachorwa tena kama mbaya wa kuzaliwa, na kitabu cha wachezaji cha 2024 kinakuruhusu ucheze wewe mwenyewe kama orki. Walichukua miaka karibu 50. Sisi ilituchukua birika moja ya chai.

Jumamosi wachezaji walimukamata Motari. Si yeye. Hatujawaambia.