Presha Haishushwi kwa Pupa

Zamani hospitali nyingi duniani zilikuwa na njia ya mkato ya kushusha presha iliyopanda mno. Kapsuli ya nifedipini ilitobolewa, dawa ikadondoshwa chini ya ulimi, na baada ya dakika chache mashine ikaonyesha namba nzuri. Daktari akaridhika, ndugu wakashukuru. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya wagonjwa walipata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa sababu presha ilishuka ghafla mno. Mwaka 1996 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyotaka zoea hilo likome.

Mishipa ya ubongo hujibana presha ikipanda na hutanuka ikishuka, ili damu ipite kwa kiasi kilekile. Aliyeishi na presha ya juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa yake zimekuwa nene, hazitanuki tena vya kutosha. Mshushe ghafla hadi 120/80, na ubongo utakosa damu huku namba zikipendeza. Ndiyo maana, kwa wagonjwa wengi wa dharura, wastani wa presha haushushwi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Kisha huelekezwa kwenye 160/100 ndani ya saa 2 hadi 6. Mshipa mkuu wa moyo ukichanika, mambo hubadilika: namba ya juu hutakiwa ifike chini ya 120 upesi.

Wengi hudhani sifa ya dawa ya presha inayotiririshwa mshipani kwa pampu ni kasi yake. Kwangu, sifa kubwa ni kwamba inaweza kuzuiwa. Klevidipini, nyeupe kama maziwa kwa sababu ya mafuta ya soya yaliyochanganywa nayo, huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye damu. Nusu yake hutoweka kwa takriban dakika moja. Simamisha pampu, presha inaanza kurudi.

Wodi nyingi za wazazi hapa kwetu hazina dawa hiyo. Mjamzito mwenye 160/110 au zaidi mara nyingi hupewa haidralazini, miligramu 5, ikisukumwa polepole mshipani. Ikishaingia, haitoki. Huenda ikachukua dakika 20 kuonyesha nguvu yake, na ndani ya dakika hizo kishawishi cha kuongeza dozi ni kikubwa. Dozi mbili zikikutana, presha huporomoka, kondo la nyuma likakosa damu, na mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kusuasua. Sindano ya magnesiamu anayochomwa mama huyohuyo si ya presha. Ni ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Haidralazini yataka mtu wa kukaa kando ya kitanda, akipima tena na tena. Nesi mmoja aliyeachiwa wodi nzima hawezi, na hilo linaniuma kuliko hata uhaba wa dawa.

Presha huwa dharura pale inapojeruhi kiungo wakati huohuo: ubongo, moyo, figo, macho. Anayekutwa na 200/115 kliniki, lakini kifua hakimbani, macho yanaona vizuri na vipimo vya figo viko sawa, hahitaji sindano hata akiililia. Apewe vidonge, na arudi kupimwa baada ya siku chache.