Biskuti za Mbwa

Isansa ni mahali katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na ule wa Mbeya mwaka 2016. Nchi ile imeinuka, na baridi yake huuma mwezi wa Juni na wa Julai. Wenyeji hulima mahindi, maharage na kahawa. Katika nyumba za wakulima mbwa ndiye askari: usiku huwabwekea wezi, na mchana huwafukuza nyani na ngedere wasile mahindi. Lakini askari huyu hulipwa nini? Mara nyingi hulipwa ukoko wa ugali. Tena mwaka wa mvua nyingi hulipwa mahindi yaliyoota ukungu, yaliyokataliwa na watu wa nyumba.

Watu wengi hudhani ya kuwa tumbo la mbwa halidhuriwi na kitu. Sivyo. Ukungu wa mahindi hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kabla ya hapo, mwaka 2004, iliua watu 125 nchini Kenya. Mbwa hudhurika nayo upesi sana. Katika miaka ya 1950 mbwa wengi wa Marekani walikufa kwa ugonjwa wa ini, wala sababu haikujulikana. Baadaye ilionekana ya kuwa ni ukungu wa chakula chao. Mbwa aliyekula sumu hii hukataa chakula, hutapika, na ufizi wake na weupe wa macho hugeuka kuwa manjano. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo punje mbovu haziwi njema kwa kusagwa wala kwa kuchomwa; mahali pake ni shimoni, si katika chombo cha mbwa.

Basi, mtu mwenye mahindi mazima na boga moja aweza kumwokea mbwa wake kitu kizuri. Boga hukatwa, huondolewa mbegu, huchemshwa bila chumvi mpaka lilainike, kisha hupondwa. Vikombe viwili vya unga wa dona huchanganywa na kikombe kimoja cha boga lile, yai moja, na kiganja cha dagaa wakavu waliotwangwa. Karoti iliyokunwa yafaa pia, hata kiazi kitamu kilichochemshwa. Maji hayahitajiwi sana, maana boga lina maji yake. Donge likishikana mkononi bila kunata, latosha. Husukumwa kwa chupa mpaka liwe bapa kama unene wa kidole cha mwisho, likakatwa vipande vidogo.

Tanuri si lazima. Sufuria kubwa huwekwa mchanga mkavu chini, kiasi cha vidole viwili, na juu ya mchanga sahani ya bati yenye vile vipande. Kifuniko hufunikwa, makaa machache huwekwa chini na mengine juu yake, kama wafanyavyo waokao mikate ya mchele. Moto uwe wa pole. Vipande vikipata rangi huachwa humo humo mpaka makaa yazimike, vipate kukauka hata ndani. Hapo wapishi wenye haraka hukosea: kipande kilicho laini katikati huota ukungu baada ya siku chache, na mbwa hurudishiwa sumu ile ile. Kipande kikivunjwa na kulia “ka!”, hicho chafaa kuwekwa katika kopo lenye kifuniko. Kilicho laini kiliwe siku ile ile au kesho yake.

Vitunguu visitiwe kamwe, vibichi wala vilivyopikwa, maana huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kahawa nayo humwendesha moyo mbio, na huweza kumwua. Kwa hiyo yafaa mbwa wa Mbozi wafukuzwe penye kahawa inayoanikwa. Maharage mabichi na mihogo mibichi ina sumu, na kokwa la parachichi laweza kumkaba koo.

Biskuti za mbwa si jambo geni duniani. Yapata mwaka 1860, Mmarekani jina lake James Spratt alianza kuziuza London, baada ya kuona mbwa wakila biskuti ngumu za mabaharia. Alizitengeneza kwa unga wa ngano, mboga na nyama. Tena mwaka 2013 wataalamu wa Uswidi walieleza ya kuwa mwili wa mbwa huweza kuyeyusha wanga kuliko mwili wa mbwa-mwitu, kwa sababu mbwa amekaa na wanadamu wakulima siku nyingi. Hata hivyo mboga na unga peke yake havimtoshi. Ahitaji samaki, au matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa sana. Biskuti ni kitu cha kuonja, zisizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku.

Huenda mtu akauliza, kazi yote hii ya nini? Kichaa cha mbwa bado kinaua watoto katika Tanzania, na mtu akiisha kuonyesha dalili zake ni vigumu mno kupona. Wataalamu husema ya kuwa wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini siku ya chanjo mbwa wengi hukimbilia migombani, kwa kuwa mkono wa mtu wameuzoea kwa mawe tu. Mbwa aliyezoezwa kuitwa jina lake jioni, akaja, akashikwa shingoni taratibu na kupewa kipande, huyo huongozwa kwa kamba hata kwa mganga wa mifugo. Kipande kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba, nacho kitolewe juu ya kiganja kilichonyoshwa, asije akauma vidole kwa tamaa.