Marufuku ya Kenya na Mbao za Tanzania

Mwaka 1999 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, ikaruhusu viwanda vichache vikubwa tu, kikiwamo cha karatasi cha Webuye. Februari 2018, mito ilipopungua maji, ikatangazwa marufuku nyingine ya siku 90, ikawa inaongezwa kila ilipokwisha, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania iliendelea kuvuna shamba lake la Sao Hill, na wakulima wa Mufindi, Njombe na Makete wakazidi kupanda paina na milingoti kwenye ardhi yao wenyewe. Mbao za Nyanda za Juu Kusini zikapata soko Kenya. Ukisoma takwimu za forodha peke yake utasema Kenya imehifadhi na Tanzania imeuza. Nadhani hiyo ni nusu ya hesabu. Marufuku haikupunguza idadi ya nyumba zinazoezekwa Kenya. Kwa sehemu kubwa, ilichofanya ni kuhamisha mahali pa kukata.

Watetezi wa marufuku wana hoja nzito, nami siidharau. Mto Mara huanzia msitu wa Mau, na mto Tana hutegemea misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Msitu wa asili ukifyekwa hapo, paina haziwezi kuurudisha. Lakini amri ya 2018 ilifungia pamoja msitu wa asili na mashamba ya serikali yaliyopandwa makusudi ili yavunwe. Miti ya shamba iliyopita umri wa kuvunwa hupungua thamani, na eneo lake haliwezi kupandwa upya mpaka iondolewe. Kwa hiyo Kenya ilinunua nje mbao laini huku zake zikizeeka zimesimama, na wenye viwanda vidogo vya kupasua mbao wakakosa kazi.

Wengine watauliza: kama paina za Njombe zimepandwa na mkulima anayezimiliki, kuna ubaya gani Mkenya akizinunua? Kwa paina hizo, hakuna; biashara hiyo ndiyo inayompa mkulima sababu ya kupanda tena, ingawa bei nzuri humshawishi pia kukata miti michanga. Tatizo ni kwamba mnunuzi hatafuti paina pekee. Mbao ngumu za Kongo hufika Kenya kupitia Uganda, nazo zinatoka msitu wa asili, wa aina ileile ambayo marufuku ilikusudia kuilinda, ila wa jirani.

Wala vitabu vya mpakani havitoshi kutuonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua mfano wa bandarini: Daraja la Mkapa la Mto Rufiji lilipofungua njia ya kusini mwa Tanzania mwaka 2003, magogo ya Lindi na Mtwara yalitoka kwa wingi. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, ilionyesha kwamba China iliandikisha mbao kutoka Tanzania mara 10 ya zile Tanzania ilizoandika kuuza. Ikiwa pengo hilo lilipita bandarini, mpaka mrefu wa nchi kavu hauwezi kuwa salama zaidi. Kabla ya kusifu au kulaumu nchi yoyote, vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania vilinganishwe na stakabadhi za upande wa Kenya, shehena kwa shehena, na mbao za shamba ziandikwe mbali na za msitu wa asili.