Shahada Ambatano: Istilahi za Uhandisi Ujenzi na Uhandisi Mazingira

Kazi ya kutafsiri vyeti vya masomo huonekana nyepesi machoni pa asiyeifanya. Cheti kina mistari michache tu: jina la chuo, jina la mhitimu, jina la shahada, tarehe na sahihi. Lakini uchache huo ndio unaoifanya kazi iwe nzito, kwa sababu kila neno limebeba haki ya mtu. Neno likikosewa katika hadithi, msomaji huweza kusahihishwa na sentensi inayofuata. Katika cheti hakuna sentensi inayofuata.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mpango mmoja wa masomo ambao majina yake huwatatiza wafasiri na maofisa wa utumishi. Mpango huo ni ule wa kuunganisha shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi na shahada ya uzamili ya uhandisi mazingira. Umeenea sana katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwanafunzi huanza masomo ya uzamili kabla hajamaliza shahada ya kwanza, na pengine hutunukiwa shahada zote mbili siku moja. Ofisa aletewapo vyeti viwili vya mtu mmoja, vyenye tarehe moja, ni haki yake kuuliza: yawezekanaje mtu kupata shahada ya kwanza na ya pili kwa pamoja? Asipopata jibu katika tafsiri aliyo nayo, huenda akadhani kuna hila, au akaihesabu shahada moja na kuiacha nyingine. Kwa hiyo yafaa tuyachambue maneno haya moja baada ya jingine.

1. Uhandisi Ujenzi

Neno 'mhandisi' limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni elimu ya maumbo na vipimo. Silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu imefanana na kiambishi chetu cha ngeli ya watu, na Kiswahili kikalipokea neno hilo kama kwamba lilizaliwa humu: mhandisi, wahandisi, uhandisi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mwalimu, walimu na ualimu. Kwa hiyo kiini cha neno hili ni kupima na kukadiria, wala si kushika nyundo. Fundi hujenga, mhandisi hukadiria kitakachojengwa kitabeba mzigo gani, na kwa muda gani.

Jina la Kiingereza la fani hii likitafsiriwa neno kwa neno huwa 'uhandisi wa kiraia'. Tafsiri hiyo imewahi kuonekana katika maandishi, nayo haifai. Huko Uingereza katika karne ya 18 wahandisi wengi walikuwa wa jeshi: walijenga ngome, mahandaki na barabara za vita. John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, na wenzake walijiita wahandisi wa kiraia ili wajitenge na wale wa jeshi. Mwaka 1818 ikaundwa mjini London taasisi ya wahandisi hao. Jina lao lilikuwa jibu la swali ambalo Waswahili hawakuwahi kuulizana. Kwetu sisi, 'uhandisi wa kiraia' humfanya msikilizaji afikirie uraia na pasipoti.

Istilahi 'uhandisi ujenzi' ni bora zaidi, na ndiyo tunayoitumia. Hata hivyo ina tahadhari yake. Msikilizaji wa kawaida asikiapo 'ujenzi' huona nyumba. Fani yenyewe ni pana kuliko nyumba: ndani yake mna barabara, reli, madaraja, bandari, mabwawa, mabomba ya maji na mifereji ya majitaka. Kwa sababu hiyo 'uhandisi wa majengo' si kisawe chake. Hilo ni jina la tawi moja tu. Mfasiri aandikaye 'majengo' mahali pa 'ujenzi' amempunguzia mhitimu nusu ya elimu yake, tena ile nusu inayohusu maji, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia katika uhandisi mazingira.

2. Uhandisi Mazingira

Watu wengi hudhani kwamba uhandisi mazingira ni fani mpya iliyotoka katika elimu ya viumbe. Sivyo. Ni mtoto wa uhandisi ujenzi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa mmoja wa London kilihusiana na maji ya pampu moja. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi hata Bunge likashindwa kuvumilia. Aliyepewa kazi ya kuujengea mji mifereji mikubwa ya majitaka hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi ujenzi, Joseph Bazalgette. Huko Marekani, mwaka 1908 mji wa Jersey City ulianza kutia klorini katika maji yake mfululizo, na desturi hiyo ikaenea miji mingine.

Kwa miaka mingi fani hii iliitwa kwa majina yenye maana ya usafi au afya ya umma. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliunda shirika lake la kulinda mazingira, na katika miaka hiyo neno 'mazingira' lilichukua nafasi ya 'usafi' katika majina ya idara na shahada nyingi. Jina lilipanuka kwa kuwa kazi ilipanuka. Mbali na majisafi na majitaka, mhandisi sasa alitakiwa kushughulikia moshi wa viwanda, taka ngumu, sumu katika udongo na maji yaliyo chini ya ardhi.

Sisi tunalo neno 'mazingira', lililo jamaa ya kitenzi 'zingira'. Katika majina ya mamlaka zetu za maji limeunganishwa na usafi: tunasema 'majisafi na usafi wa mazingira'. Hapa mfasiri na awe macho. 'Usafi wa mazingira' ni sehemu moja ya kazi; 'uhandisi mazingira' ni fani nzima. Tena 'hifadhi ya mazingira' ni shughuli ya watu wote, hata ya mkulima apandaye miti, lakini uhandisi mazingira ni taaluma yenye mahesabu yake na mitihani yake. Maneno haya matatu yasipishane katika hati.

3. Sababu ya Kuunganisha

Mfano ulio karibu nasi utaonyesha kwa nini mwanafunzi wa uhandisi ujenzi huvutwa na uhandisi mazingira. Wakazi wa Dar es Salaam wanayajua mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Kwa kawaida mabwawa ya namna hii hupangwa kwa mfuatano. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu. Tope huzama chini, na bakteria huozesha uchafu pasipo hewa. Bwawa la pili huwa na kina kifupi zaidi. Humo mimea midogo mno ya kijani, jamaa ya mwani, hupata jua na kutoa oksijeni, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kumaliza uchafu uliosalia. Katika bwawa la mwisho, jua na muda huua vijidudu vya maradhi kabla maji hayajaachwa yaende zake.

Sasa tuulize: hiyo ni kazi ya nani? Kuta za udongo zisibomoke, sakafu isivujishe, maji yapite kwa mteremko ufaao: hayo ni ya uhandisi ujenzi. Maji yakae siku ngapi, bwawa lipokee uchafu kiasi gani kwa siku, joto la mahali libadilishe hesabu namna gani: hayo ni ya uhandisi mazingira. Mwenye elimu ya kwanza peke yake ataweza kujenga bwawa imara lisilosafisha kitu. Mwenye elimu ya pili peke yake ataweza kukadiria bwawa zuri litakalobomoka masika ya kwanza. Elimu mbili hizi zikikaa katika kichwa kimoja, umma hupata faida.

4. Muundo wa Mpango

Tuchukue Chuo Kikuu cha Stanford kilichoko jimbo la California. Hapo uhandisi ujenzi na uhandisi mazingira viko katika idara moja yenye majina yote mawili. Masomo hupimwa kwa yuniti, na mwaka umegawanywa katika robo. Katika mwaka wa kawaida wa masomo mwanafunzi husoma robo tatu. Shahada ya kwanza hudai yuniti zisizopungua 180, na shahada ya uzamili ya sayansi hudai yuniti zisizopungua 45. Anayekubaliwa katika mpango wa shahada mbili huomba nafasi ya uzamili angali mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Jumla ya yuniti zake ni 225, na yuniti iliyohesabiwa katika shahada moja haihesabiwi katika nyingine. Kwa mwendo wa yuniti 15 kila robo, kazi hiyo ni ya miaka mitano. Mwanafunzi aweza kutunukiwa shahada zote mbili kwa wakati mmoja, au akatunukiwa ya kwanza kwanza.

Vipo vyuo vingine vyenye utaratibu tofauti, ambako baadhi ya masomo ya uzamili huhesabiwa katika shahada zote mbili. Tuseme shahada ya kwanza ni yuniti 120, uzamili ni 30, na yuniti 9 zimehesabiwa mara mbili. Mhitimu atakuwa amesoma yuniti 141, wala si 150. Hapana udanganyifu hapo maadamu chuo chenyewe kimeruhusu, lakini ni tofauti ambayo msomaji wa tafsiri ana haki ya kuijua.

5. Istilahi Tunazopendekeza

Tatizo kubwa ni jina la mpango wenyewe. Wengine husema 'shahada mbili', wengine 'shahada ya pamoja'. La kwanza halielezi uhusiano wa shahada hizo. La pili lapotosha, kwa kuwa msomaji hudhani ni shahada moja iliyotolewa na vyuo viwili.

Walimu wa Kiswahili watatusaidia hapa. Katika sarufi tunayo sentensi ambatano, ambayo vishazi vyake vimeunganishwa lakini kila kimoja chaweza kusimama peke yake. Ndivyo zilivyo shahada hizi. Zimesomwa katika mpango mmoja, lakini kila moja ina cheti chake na yaweza kudaiwa peke yake. Kwa hiyo twapendekeza:

Shahada ambatano: shahada mbili za ngazi tofauti, zilizosomwa katika mpango mmoja wa chuo kimoja, kila moja ikiwa kamili.

Shahada mfululizo: shahada mbili ambazo ya pili ilianzwa baada ya ya kwanza kutunukiwa.

Shahada ya ubia: shahada moja iliyotolewa na vyuo viwili au zaidi kwa mapatano.

Shahada ya michepuo miwili: shahada moja ya ngazi moja yenye masomo makuu mawili.

Yuniti shirika: yuniti zilizohesabiwa katika shahada zote mbili.

Robo: sehemu ya mwaka wa masomo katika vyuo vigawavyo mwaka mara nne. Isiitwe 'muhula' bila maelezo, maana msomaji wetu atadhani ni nusu mwaka.

Kuhusu jina la shahada ya pili, vyuoni kwetu husikika 'uzamili' na pia 'umahiri'. Mfasiri achague moja na alishike tangu mwanzo hadi mwisho wa hati. Akiandika 'uzamili' katika cheti na 'umahiri' katika orodha ya masomo, ofisa atadhani ni shahada tatu.

6. Matumizi Katika Ofisi

Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza neno ndani ya cheti. Hata hivyo aweza kuweka maelezo ya mfasiri chini ya tafsiri yake, kwa mfano: 'Shahada hii ni mojawapo ya shahada ambatano; tazama cheti cha pili.' Sentensi moja kama hiyo humwondolea mhitimu miezi ya kungoja.

Ofisa wa utumishi naye akumbuke kwamba ngazi za shahada zina kazi mbalimbali. Kwetu Tanzania, kutambua shahada za nje ni kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu, na wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 1997. Usajili huo huegemea hasa shahada ya kwanza ya uhandisi. Mtu mwenye uzamili wa uhandisi mazingira aliyeanzia katika kemia hayuko sawa na yule aliyeanzia katika uhandisi ujenzi, ijapokuwa vyeti vyao vya pili vyafanana kila herufi. Kwa hiyo ofisa asiridhike na cheti cha juu peke yake. Cha chini ndicho kinachoeleza msingi.

Mwisho, mwalimu anayewashauri vijana awaeleze kwamba njia ya shahada ambatano ni mojawapo tu. Hapa nchini uhandisi ujenzi hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Ardhi hufundisha uhandisi mazingira tangu shahada ya kwanza. Kijana aweza kuzipata elimu zote mbili kwa njia ya mfululizo. Tofauti ni muda na mpangilio, si thamani.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wazijaribu katika kazi zao za kila siku, kisha watuandikie zilipofaa na zilipokwama, tukitaja hasa 'yuniti shirika', ambayo bado twaitafutia neno jepesi zaidi.