Kufundisha Mtawanyiko wa Zooplanktoni Mbali na Bahari

Mwanafunzi wa Zombo, wilayani Kilosa, aweza kumaliza shule asiione bahari. Hata hivyo hutakiwa kueleza zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaochukuliwa na maji, naye huandika kwamba wameenea baharini kote. Jibu hilo halina maana. Wanyama hawa hawakuenea sawasawa: mahali, kina, msimu na saa ndivyo viamuavyo wingi wao. Jambo hilo lafundishika hata penye bwawa la kijiji.

Mwalimu na aanzie mtoni. Mto Mkondoa, upitao Kilosa mjini, huingia katika Wami, nao Wami humwaga maji katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Mito ya namna hii hupeleka pwani virutubisho vinavyostawisha mimea midogo sana ya majini, ambayo ndiyo chakula cha zooplanktoni wengi. (Tope likizidi huzuia mwanga, na mimea hiyo hudhoofika.) Kwa hiyo penye midomo ya mito na mikoko, kama vile delta ya Rufiji, huwamo mabuu mengi ya kamba, kaa na samaki, yaeleayo kwa muda tu kabla ya kukua. Mbali na pwani mabuu hayo hupungua, wakatawala kopepodi, jamaa wa kamba, ambao wengi wao hawafikii hata milimita tano.

Msimu nao una nguvu. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini. Kusi huukaza, Kaskazi huupunguza kasi. Wanyama wasioweza kushindana nao huchukuliwa uendako.

Linalowashangaza wanafunzi zaidi ni safari ya kila siku. Zooplanktoni wengi hushuka gizani mchana, wakajificha samaki wasiwaone, na usiku hupanda kula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vyombo vya kupima kina kwa sauti vilionyesha mfano wa sakafu ya bahari iliyopanda jua lilipotua. Baadaye ikabainika kuwa ni viumbe hai. Katika mlango wa Pemba, wenye kina kinachozidi mita 500, nafasi ya kushuka ni kubwa. Katika mlango wa Unguja, ambao sehemu zake nyingi zina mita 30 hadi 50 tu, nafasi hiyo ni finyu. Basi achotaye maji ya juu adhuhuri atahesabu wachache, ingawa wenzao wako chini yake.

Kwa zoezi, shona kitambaa chepesi kiwe mfuko, ukifunge kwenye duara la waya lenye upana wa sentimita 20, na ncha yake uifunge chupa. Ukivutwa mita 5, mfuko huchuja takriban lita 157, mradi kitambaa kisizibe. Uvutwe adhuhuri na magharibi, penye majani na penye uwazi, kwa urefu ule ule, kisha wanafunzi wahesabu kwa lenzi na kulinganisha. Uvutwe kwa mti mrefu kutoka ukingoni. Mwanafunzi asiingie majini, kwa ajili ya kichocho na mamba. Viroboto-maji watakaopatikana si wanyama wa bahari ya chumvi, wala bwawa halina Kusi. Tofauti hizo ziandikwe ubaoni kabla ya hesabu kuanza.